Shangazi, Kátur Si Ndugu Yake Týra

Brekkusel, Jökuldalur,
Aisilandi.
3 Oktoba 1972

Mpendwa Shangazi Salóme,

Watu wote wa nyumbani wanakusalimu. Hujambo huko Gimli, Kanada? Goti lako je, limepata nafuu? Sisi tu wazima. Baba bado anakohoa asubuhi na bado anakataa kwenda kwa daktari, kwa hiyo jua kwamba ni yule yule. Theluji imeshashika vileleni, ila kondoo wote wamekwisha kuteremshwa, na hakupotea hata mmoja.

Nisikuweke roho juu. Týra amejifungua salama. Watoto wanne, wote hai.

Najua barua yangu ya mwezi wa Juni ilikuhuzunisha. Homa ya mbwa ilikuwa imelifagia bonde zima. Walibaki mbwa wawili tu wa asili yetu ya zamani: Týra, ambaye Baba alimnywesha maziwa kwa kijiko siku kumi na moja, na Kátur wa Mzee Bergur, ng'ambo ya mto. Jike na dume, tungetaka nini zaidi? Lakini unamjua kaka yako. Kwake yeye Kátur alikuwa ndiye kile kitoto kilichopotea zizini kiangazi kile ulipotutembelea, tumbo moja na Týra, na Bergur ndiye aliyekiiba. Miaka minne hawakusalimiana, hata kanisani.

Siku zile ndipo alipotufikia Bibi Vilborg kutoka Reykjavik, anayezunguka mashambani akiwatafuta mbwa wa asili waliosalia. Alimkagua Týra masikio, mkia, hata vile vidole viwili vya ziada vya miguu ya nyuma, kisha akaketi kula skyr, maziwa yetu ya mgando, na kutusimulia.

"Hawa walivuka bahari na wazee wenu kutoka Norwei, zaidi ya miaka elfu iliyopita," alisema. "Ndugu zao wa karibu wako huko huko hadi leo, wanachunga. Wale wanaovuta sleji juu ya theluji huko Grinlandi nao ni ukoo, ila wa mbali. Tazama masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, utawajua."

"Basi mbwa wangu ana nasaba ndefu kuliko kasisi wetu," Baba akasema.

Alicheka peke yake, maana Bibi Vilborg, aliyekwisha kuambiwa na Baba kwamba Kátur ni ndugu yake Týra, alikuwa ameshaweka kalamu chini. Kaka na dada hawezi kuwaandika kuwa jozi kwenye daftari lake. "Waliobaki ni wachache mno, Ketill. Tukiozesha ndugu kwa ndugu, tutakizika kile kile tunachotaka kukiokoa."

Ndiyo maana nilikuandikia kukuuliza unakumbuka nini kuhusu kiangazi kile. Nisamehe, Shangazi. Sikujua naligusa donda gani.

Jibu lako nilimsomea Baba jikoni, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika. Nilipofika pale unapoeleza kwamba Mzee Bergur alikuposa, kwamba ulimkataa, na kwamba ulimletea kitoto cha mbwa kutoka shamba moja la magharibi ili asibaki peke yake, Baba alinyanyua mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Akaitazama kahawa yake mpaka ikapoa.

"Miaka minne," alisema, "nimemwita mwizi mtu aliyekuwa akimtunzia dada yangu siri."

Akavaa koti lake la kanisani, siku ya Jumanne, tukashika njia ya darajani. Mzee Bergur alikuwa uani akinoa fyekeo, naye hakuinua kichwa.

"Umekuja kumtafuta mbwa wako tena, Ketill?"

"Nimekuja kuposa," Baba akasema. "Na kabla ya posa nimekuja kukuomba radhi. Salóme ameandika. Kwa nini hukuniambia, bwana?"

Mzee Bergur alijaribu makali ya fyekeo kwa kidole. "Halikuwa neno langu la kusema. Na wewe hukuuliza. Ulikuja ukipiga kelele."

"Kweli."

"Hata kuku wangu waliacha kutaga."

Basi hapo Baba alicheka hadi kikohozi kikamshika, na Mzee Bergur ndiye aliyempiga mgongoni. Nilijifanya naangalia kondoo, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Bibi Vilborg alimwandikia yule mkulima wa magharibi, naye akathibitisha: mama yake Kátur hana uhusiano na mbwa wetu hata kwa vizazi vingi.

Týra alishikwa na uchungu Jumatano iliyopita baada ya kifungua kinywa. Kitoto cha kwanza kilikwama. Baba, aliyezalisha kondoo maisha yake yote, alishindwa kumgusa, nami nikakimbilia ng'ambo ya mto. Mzee Bergur alikuja bila kofia. Alipiga magoti kwenye majani makavu, akawa anamnong'oneza Týra, "Polepole, mkwe wangu, polepole," akiwa hajui anasema nini, na Baba hakumsahihisha. Kitoto kilitoka kimelegea. Mzee Bergur alikisugua kwa pindo la sweta lake mpaka kikalia. Watatu waliofuata walikuja wenyewe kabla ya adhuhuri. Tangu siku hiyo nalala usingizi kama mtoto.

Vijike viwili vitabaki bondeni, kimoja kwetu, kimoja kwake. Wengine Bibi Vilborg atawapeleka kaskazini.

Jana Mzee Bergur aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye buti zake, barua kutoka hapa hufika Kanada kwa muda gani. Nikamwambia wiki mbili. Akauliza kama anwani yako ni ile ile. Sikumthibitishia, Shangazi. Nikasema nitakuuliza kwanza. Kwa hiyo nakuuliza.

Wasalimie Magnús na Fjóla, na watoto wao. Baba anakuambia usiteleze kwenye barafu. Mungu akulinde na majira haya ya giza yanayotujia sote.

Wako akupendaye daima,
Oddný Ketilsdóttir