Karatasi Mbili za Uchaguzi

Katuba, Élisabethville
12 Desemba 1957

Mpendwa mdogo wangu Floribert,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumba yako huko Luputa. Je, kifua chako kimepona? Mvua zimefika? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto halinisamehe miaka yangu ya reli. Binti yangu Mujinga na watoto wake wanne ni salama.

Mumewe, Mumba, hana kazi tangu Agosti. Bei ya shaba imeanguka na mafundi wengi wameachishwa. Sote saba tunakula chungu kimoja, changu, cha pensheni ya reli.

Hapa hakuna mazungumzo ila uchaguzi. Tarehe ishirini na mbili, kwa mara ya kwanza, tutachagua washauri wa komini, yaani baraza la mtaa wetu. Wawili ndio wanaotajwa sana. Adrien Ilunga, mwenye duka la vitambaa, ni mtu wa kwetu Kasai. Anataka vibali vya biashara vitolewe bila kuzungushana, na soko lipate paa. Ni maneno mazuri kwa mwenye meza sokoni. Kwa mtu wa nyundo kama Mumba hayana kitu.

Faustin Kabwe, mwalimu, mzaliwa wa hapa, ameandika jambo nililolisoma mara tatu: komini ifungue karakana ya kuajiri mafundi, wenyeji kwanza. Mumba ni mwenyeji. Lakini mstari wa mwisho unasema wageni wasio na kazi warudishwe kwao, na viwanja vyao wapewe wenyeji. Nimekaa hapa tangu 1926, Floribert, na mgeni huyo ni mimi.

Unakumbuka kwamba mimi ni katibu wa chama chetu cha mazishi, cha watu wa Kasai. Jumapili, baada ya misa, niliwasomea wenzetu karatasi zote mbili za wagombea, kama ninavyowasomea barua zao. Ya Kabwe niliisoma vizuri mno, hata nikawaeleza karakana itakavyokwenda. Ndipo mzee Stanislas akauliza, "Katibu, siku utakufa, ni Kabwe atakuya kukuchimbia shimo?"

"Mumuache," akasema Victorine, anayepika kwenye vilio vyetu. "Batamuzika bantu ba kwa mukwe yake."

Wakacheka, nami nikacheka. Kisha tukainua mikono kuahidi kura zote kwa Adrien. Na wangu niliuinua.

Nyumbani Mumba alikuwa akiningoja. "Papa, karatasi ya Kabwe inasema nini?" Nikamsomea mpaka kwenye karakana, nikaikunja. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu Agosti. "Basi papa, kwa Kabwe tuko babili," akasema.

Kura ni ya siri, nami nimeamua: nitampa Kabwe. Siwezi kuwaangalia watoto wale wanne na kumpa mwingine. Stanislas hatajua, na nikifa kabla ya kurudishwa atanizika kama mwaminifu. Aibu hiyo nitaibeba.

Nakuomba jambo moja. Nenda kwa chifu umwulize kama kiwanja cha baba bado ni chetu. Miaka thelathini na moja sijakikanyaga. Kama amepewa mwingine, niandikie hivyo hivyo, usinifariji. Tuma jibu kwa misheni, maana Mujinga hufungua barua zangu, na mstari ule wa mwisho hajausikia.

Nisalimie mkeo Agnès, shangazi Constance na wajukuu wote. Mungu awape mavuno na usingizi mwema.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kwa umbali huu wote,
Donat