Mstari wa Tatu wa Wasifu Wako

Mpwa wangu,

Wengi wakikasirika huandika barua bila salamu. Mimi sitafanya kosa hilo. Hujambo? Mama yako anaendeleaje na goti lake? Sisi tu wazima. Mke wangu anakusalimu, na anauliza lini utarudisha bakuli lake la bluu.

Unaikumbuka Jumamosi ile tulipokaa mezani kwangu, karatasi zimetapakaa hadi kwenye viti? Nilikueleza kwamba mtu wa kazi za kujitegemea hukosea anapojaza wasifu wake majina ya wateja. Hana bosi wa kumsemea wala cheo cha kumbeba. Kinachomsemea ni kazi. Basi aeleze kila kazi kwa pumzi moja: mteja alikwama wapi, yeye alifanya nini, kisha nini kikabadilika. Ulicheka ukasema wasifu wako ulikuwa kama foleni ya benki, majina mengi na hakuna anayesogea. Ili uelewe, nikakupa mfano wangu mwenyewe, ule mwongozo wa wakunga. Madaktari waliuandika kwa lugha yao, wakunga wakatoka kapa. Sura ya dalili za hatari ilipoandikwa upya, zahanati sita zilizokuwa zikipiga simu kila wiki kuuliza maana zikanyamaza.

Jumatatu mchapishaji mmoja alinitumia maombi matatu ya mhariri wa vitabu vya afya, nimsaidie kuchagua. Hakujua kwamba mwombaji mmoja ni damu yangu. Niliufungua wasifu wako kwa furaha. Ukurasa mmoja, hauna porojo. Nikasema moyoni, mwanafunzi kampita mwalimu. Kisha mstari wa tatu ukanikata maini. Umeandika kwamba wewe ndiye uliyeiandika upya sura ile, na kwamba zahanati sita zikaacha kupiga simu. Hata idadi hukuibadilisha! Mwaka ule, mpwa wangu, ulikuwa bado unavaa kaptula za shule.

Nilipokupigia ulisema nisikuze mambo, eti kila mtu hutia chumvi kidogo kwenye sivii, na cha mjomba ni cha mpwa. Nikakata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilikukaribisha nyumbani ukae, ukaondoka na kiti. Angekuwa mgeni ningecheka. Wewe nilikufundisha kushika kalamu.

Nikaamua kumwandikia mchapishaji akutupe nje, na nikafungua kabati nitafute rasimu ya zamani iwe ushahidi. Niliipata. Na hapa, mpwa wangu, kalamu yangu inakuwa nzito.

Kurasa zote za sura ile zimejaa mwandiko wa mama yako. Alikuwa mkunga tangu ujana wake. Wiki tatu alikaa jikoni kwangu akisoma sentensi za madaktari kwa sauti, akiniuliza mwanamke mwenye uchungu atazielewa vipi, kisha akiziandika upya yeye mwenyewe. Mimi niliweka nukta na mikato. Toleo jipya lilipotoka aliniuliza kama jina lake limo. Nikamwambia nafasi haikutosha. Akajibu kwamba haidhuru, kaka, maadamu wakunga wanaelewa. Tangu hapo, miaka kumi na minne, sura ile imekaa katika wasifu wangu kama kazi yangu.

Kwa hiyo ulichoniibia, mimi nilikiiba kwanza. Usidhani hilo linakusafisha. Bado umenisaliti, na bado ninaumia. Lakini sasa ninajua maumivu haya yana ladha gani, na ninajua nani aliyameza kabla yangu bila kulalamika.

Nimemwandikia mchapishaji ukweli wote, wako na wangu. Nimemwambia pia kwamba mistari yako mingine ni kazi yako halali, nami nimeiona. Amekubali kusubiri wasifu mpya hadi Ijumaa. Usipoutuma, atachagua kati ya wale waombaji wengine wawili. Katika wasifu wangu nimeshaufuta mstari ule, na Jumapili nitakuja kumwomba radhi mama yako ana kwa ana.

Msalimie sana, na bakuli la watu lisisahauliwe. Lakini usinisubiri mimi: leo hii futa mstari wa tatu, kisha mpe mama yako ukurasa mzima ausome kabla hujautuma.

Mjomba wako