Wimbo wa Tatu Kwenye Kanda Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Sepuka tu wazima, alizeti tumeshavuna, na bibi yako bado anamgombeza yule jogoo wako kana kwamba ni mtu.

Albamu ya kantri uliyonitumia kwenye simu nimeisikiliza yote. Sauti ni safi kweli. Sasa unauliza kwa nini bado nahangaika na kanda yangu iliyochakaa, wakati nyimbo ni zilezile.

Kanda hiyo nilijirekodia kwa rafiki nikiwa kijana. Kiingereza sikukijua, lakini yule bwana na gitaa lake aliimba taratibu, kama mtu anayekusimulia habari za kwao, nami nikamwelewa. Siku moja, wimbo wa tatu ukiwa katikati, mama akaja amewaka. Katika haraka ya kuzima redio, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Wimbo ukafutika kipande, ikaingia sauti ya mama kwa Kinyaturu: mbuzi wameingia kwenye mtama, je, hiyo redio ndiyo itakayonilisha? Nilinuna wiki nzima kwa kuharibiwa wimbo wangu.

Sauti yake haipo mahali pengine popote.

Ukija likizo, uniwekee kanda hiyo kwenye simu, na usithubutu kuisafisha. Albamu yako ni nzuri, mama. Ila kwenye wimbo wa tatu gitaa linapita moja kwa moja, na mimi bado nimekaa, nasubiri kugombezwa.

Babu yako