Wanaomdai Josephat Hawakuja Siku ya Kunyoa

Jumatano, Iguhu. Asubuhi jua, mchana mvua ya mawe.

Kosa ambalo wengi wetu hufanya ni kudhani kwamba nyundo ya dalali ikishagonga, deni nalo limeondoka pamoja na nyumba. Halijaondoka. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya mkopo, kile kilichopungua kinabaki kwa jina lako, na riba inaendelea kupanda juu yake huku wewe ukijiambia mambo yalikwisha.

Hayo nimeyajua kwa kichwa muda mrefu. Leo nimeyasikia kwa masikio.

Ndugu yangu mdogo, Josephat, alifariki mwaka jana. Laini yake ya simu ninayo mimi. Iko katika simu yake ndogo ya zamani ya kubonyeza, naichaji, naiweka juu ya kabati la vyombo. Mwanzoni nilijiambia ni kwa ajili ya marafiki zake wa mbali ambao hawajapata habari. Hao waliisha haraka. Lakini simu haikunyamaza.

Watu pekee ambao bado wanamtafuta ndugu yangu ni wanaomdai.

Josephat alikuwa na trekta la kubeba miwa, na alitaka nyumba mjini Kakamega, karibu na chuo kikuu, akae upande mmoja na upande mwingine apangishe wanafunzi. Mapato yake peke yake hayakuitosha benki. Walitaka na mshahara wangu wa ualimu, maana nilikuwa sijastaafu, kwa hiyo tukatia sahihi wote wawili. Wengi hudhani mkiwa wawili kila mmoja anabeba nusu yake. Sivyo. Mkopo wa pamoja ni kama gunia moja lenye wabebaji wawili: mmoja akianguka, uzito wote unamlalia aliyesimama.

Trekta likaharibika, kazi ya miwa ikalegea, malipo yakachelewa, kisha yakakoma. Notisi zikaja, kisha dalali. Nyumba ikanunuliwa na mtu nisiyemjua. Amepaka lango rangi ya kijani. Nikienda mjini napita barabara nyingine, na hata hivyo naliona lile lango nikifumba macho.

Josephat akarudi huku Iguhu na mkewe, Mama Brenda, na watoto. Akajenga nyumba ya udongo upande wa chini wa shamba. Hakumaliza kuipiga plasta. Tulimzika hatua chache kutoka mlangoni pake.

Sasa nieleze siku ya kunyoa, kwa maana kosa letu la pili lilizaliwa hapo.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, jamaa hunyolewa nywele, kisha ukoo unakaa na mzee mmoja anauliza: nani anamdai marehemu? Na marehemu alimdai nani? Kila mwenye neno anasema mbele ya watu. Asiyesema siku hiyo hana haki ya kuja baadaye kumsumbua mjane. Ni sheria nzuri. Imewaokoa wajane wengi na watu wanaozuka kutoka vichakani na madeni ya kubuni.

Siku ya Josephat mama mmoja alidai kuku wake, jogoo mwekundu aliyechinjiwa wageni bila kulipiwa. Jirani akakiri ana jembe la marehemu. Baba yetu mdogo, Mzee Khasandi, ndiye aliyeongoza kikao. Alipomaliza na kuku na jembe, alisimama akaangaza macho huku na huku.

"Na benki? Benki, kama umejificha nyuma ya ghala, jitokeze useme!"

Watu wakacheka.

"Hawapo," akasema. "Basi wamesamehe. Mama Brenda, lala usingizi."

Nami nilicheka na wenzangu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi, na kicheko kile kilikuwa kitamu kiasi kwamba nilikiamini.

Mama Brenda alilala usingizi kweli. Alitunza pesa za maziwa kidogo kidogo mpaka zikatosha simiti ya kujengea kaburi. Leo asubuhi alikuja na fundi, wakaanza kupima. Mimi nilikuwa nimekaa ndani, mlango wazi, nikiwasikia wakibishana kama vigae viwe vyeupe au vya kijivu.

Simu ya Josephat ikaita.

Kwa kawaida huiacha iite mpaka ichoke. Leo niliipokea, sijui kwa nini. Sauti ya kijana, mpole, mwenye adabu. Akauliza, "Naongea na Josephat?"

Nikasema, "Hayupo."

Neno hilo lilikuwa la kweli na lilikuwa uongo. Nikakata. Nikairudisha juu ya kabati.

Jambo linaloniondolea usingizi si lile lango la kijani. Ni shamba hili. Baba alituachia sisi wawili, lakini hati iliandikwa kwa jina langu kwa kuwa nilikuwa mkubwa na nilijua njia ya ofisi ya ardhi. Hatukuwahi kuligawa. Nyumba ya Mama Brenda, mboga zake, ng'ombe wake, kaburi la mumewe, vyote viko juu ya ardhi ambayo kwa macho ya mahakama ni yangu. Na mdaiwa aliyebaki hai ni mimi.

Nataka kuwa makini hapa, maana hofu huongeza chumvi. Shamba hili halikuwekwa rehani. Benki haiwezi kutuma dalali hapa kesho. Deni linalobaki baada ya mnada ni deni lisilo na dhamana, kwa hiyo ni lazima waende mahakamani kwanza, wapate hukumu, ndipo waombe kukamata mali ya mdaiwa. Kuna muda wa kuzungumza. Lakini muda huo unaliwa na kila simu isiyopokelewa.

Nilifikiria pia kukimbilia ofisi ya ardhi nimkatie Mama Brenda sehemu yake haraka haraka. Nikajikumbusha niliyowahi kuwaeleza wengine wanaponijia na mambo ya madeni: mtu akihamisha mali akijua anadaiwa, mahakama inaweza kuufuta uhamisho huo, na yeye akaonekana mwizi. Mlango huo nimeufunga.

Saa nane mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Mama Brenda na fundi wakaingia kwangu mbio, wameloa. Nikawapa chai. Tulikuwa tunazungumza juu ya mahindi yatakavyochanika ile simu ilipoita tena juu ya kabati.

Mama Brenda akageuka. Anaujua mlio ule. Aliishi nao miaka yote ya ndoa.

"Shemeji, hiyo si simu ya Baba Brenda?"

Nikainuka kuiendea. Akainuka, akaichukua kabla sijafika.

"Haloo." Akasikiliza. Uso wake haukubadilika. "Ndiyo, Josephat yuko. Amelala hapo nje, mvua inamnyeshea. Unataka nikamwamshe?"

Fundi akaweka kikombe chini.

Sikusikia kijana yule alisema nini. Nadhani alitoa pole, kwa sababu Mama Brenda alisema, "Asante, tumepoa." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akafunika simu kwa kiganja, akanitazama.

"Anasema ni deni la ile nyumba. Si walinyamaza siku ya kunyoa?"

"Benki hainyolewi, Mama Brenda."

Alitaka kucheka. Kicheko kikaanza, kikakwama mahali. "Kwa hivyo hata hapa si petu?"

"Ni penu. Lakini ni lazima nipiganie pawe penu. Na sijaanza."

"Baba Khasandi alisema nilale."

"Alisema vile sote tulivyotaka kusikia."

Akaninyooshea simu. "Basi ongea nao, Mwalimu. Wamekuja sasa. Hata kama wamechelewa, waulize wanadai nini."

Hakuniita shemeji. Aliniita Mwalimu, kama wanavyoniita watu wanaotaka kazi ifanyike.

Nikaichukua. Nikamwambia kijana kwamba Josephat amefariki, kwamba mimi ndiye mkopaji mwenza, na kwamba kuanzia leo wanitafute kwa nambari yangu mwenyewe. Hakutegemea hilo. Akaanza kuniuliza ninaweza kulipa kiasi gani leo, hata kidogo tu cha kuonyesha nia njema. Nikamwambia silipi wala siahidi chochote mpaka nione hesabu yote imeandikwa: mkopo ulikuwa umebaki kiasi gani siku ya mnada, nyumba ilithaminiwa kwa bei gani, iliuzwa kwa bei gani, dalali na wakili walilipwa nini, na riba gani imeongezwa tangu hapo.

Maswali hayo si ukaidi. Sheria inamtaka anayeuza nyumba ya rehani atafute bei bora inayoweza kupatikana kwa haki. Kama iliuzwa chini mno ya bei ya soko, mdaiwa ana la kusema, na wakili anaweza kumsaidia kulisema. Kama iliuzwa vizuri, basi nitajua ukubwa halisi wa kitu kinachonifuata, na nitakaa na benki nipendekeze kiasi ambacho pensheni yangu inaweza kubeba kila mwezi bila kuvunjika. Niliuliza pia kama bima ya mkopo, ile inayolipa deni mkopaji akifa, ilikuwa bado hai Josephat alipofariki. Kijana akasema hajui, ataangalia. Huenda ilikoma malipo yalipokoma. Lakini asiyeuliza hataambiwa.

Mvua ikaisha. Mawe yalikuwa yamelala meupe juu ya udongo wa lile kaburi, yakiyeyuka taratibu. Fundi akasimama mlangoni, akajikuna kichwa.

"Sasa mama, simiti nichanganye ama nisichanganye?"

Nilimwangalia Mama Brenda. Nilikuwa tayari kumwambia atunze pesa zake, angojee.

"Changanya," akasema. "Mimi sijakopa kwa mtu. Wakija na karatasi za korti, wamkute Baba Brenda mwenyewe amejengewa."

Wakatoka. Naandika haya nikisikia sepetu ikikwaruza mchanga. Simu ya Josephat nimeizima. Nilidhani ukimya ungenipa amani, kumbe kila baada ya muda mfupi natazama kabati, nikingoja Josephat aitwe tena. Sijui nitaacha lini. Kesho Mama Brenda na mimi tutakwenda tawi la mjini pamoja. Amesema haendi kulia, anakwenda kusikiliza. Tukitoka huko nitampitia Mzee Khasandi nimweleze, kwa heshima, kwamba kuna wadai ambao kikao chetu hakiwafungi, ili mjane mwingine wa ukoo huu asiambiwe alale kabla ya saa.

Na wewe unayesoma, kama nyumba yako ilichukuliwa ikauzwa na tangu hapo hujasikia neno, usiuhesabu ukimya huo kuwa msamaha. Leo, kabla ofisi hazijafungwa, iandikie benki yako uombe hesabu kamili ya mauzo na ya deni lililobaki.