Aya Kumi na Moja Juu ya Wifi Yako

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
Jumapili, tarehe 14, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka katika nyumba hii unayoijua kila kona yake. Kabla ya yote niambie hali yako. Mgongo umepoa? Mara ya mwisho ulisema yule bibi kizee unayemhudumia huko ni mzito, na hakuna wa kukusaidia kumgeuza kitandani. Piga goti kwanza, ndipo umwinue; usiiname ukiwa umenyoosha miguu. Najua unacheka kwamba kaka yako hawezi kumjulia mtu hali bila kumpa somo. Na baridi je? Umepata viatu vinavyofaa?

Mimi sijambo, ila macho yanazidi kunisaliti. Naishi juu ya duka la miwani na bado natembea na miwani iliyofungwa uzi. Mwenye duka ananiambia kila asubuhi kwamba ninamharibia biashara.

Nimekuandikia kwa kalamu makusudi. Kwenye simu ungesoma mistari miwili ya juu, ukaniwekea kidole gumba, ukaendelea na kazi zako. Barua hii nataka uisome yote, mpaka kwenye sahihi yangu. Ukifika huko utajua kwa nini nimesisitiza.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini binti yako amehama nyumbani kwangu. Pili, kwa nini wifi yako hapokei simu zako, wiki ya saba sasa. Hilo la pili ukaliongezea neno “kiburi”. Nitajibu yote mawili, lakini itabidi nianzie mbali kidogo, maana huwezi kulielewa la pili bila la kwanza, na la kwanza huwezi kulielewa bila kujua mwanao anafanya kazi gani hasa. Unasema kwa fahari kwamba ni mhariri wa habari za mtandaoni. Je, unajua mhariri huyo anashinda akifanya nini?

Mwanao Redio (humu ndani bado tunamwita hivyo, kwa jinsi alivyokuwa hazimiki tangu alipoanza kusema) alikuwa akiamka na simu mkononi. Kabla ya kusukutua mdomo alishasahihisha habari tatu. Chai yake ilikuwa ikipoa mezani, wifi yako anaipasha, inapoa tena. Nilimtembelea ofisini mara moja. Ni chumba kirefu chenye meza kumi na mbili, na ukutani kuna kioo kikubwa kama mlango, kinachoonyesha namba zikipanda na kushuka: habari gani inasomwa na wangapi dakika hii. Dirisha lipo, lakini sikuona mtu aliyelitazama. Bosi wao hajafika miaka thelathini, ndevu zenyewe bado hazijakutana kidevuni, ila wanamwita Mzee wa Namba. Alinipa mkono huku macho yake yakiwa ukutani.

Kwa siku Redio anapitisha habari thelathini, pengine arobaini. Mpira, mvua, harusi ya mwimbaji, ajali. Kila moja anaitafutia picha, anaipa mstari mfupi wa kutuma kwenye simu za watu, kisha anaipa vichwa viwili. Hapo kwenye vichwa viwili naomba usiharakishe.

Zamani zetu, mimi nikiwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, pale kwenye kiwanda cha uchapaji, gazeti lilikuwa na kichwa kimoja cha habari. Kikitoka kimetoka. Sasa hivi habari moja inawekewa vichwa viwili kwa pamoja. Nusu ya wasomaji wanaona cha kwanza, nusu wanaona cha pili. Baada ya dakika ishirini mashine inahesabu ni kipi kimebonyezwa zaidi, inakibakiza hicho na kukifuta kingine. Hakuna mtu anayeulizwa. Wahariri nao wamebuni ujanja wao: wakiwa na kichwa wanachokipenda, wanaandika cha pili kibovubovu, cha kujaza nafasi, ili kishindwe. Mwanao alinieleza ujanja huo akiwa anacheka, na mimi nilicheka naye. Nakiri hilo.

Sasa tuje kwa wifi yako. Unakumbuka ni mkunga wa zahanati, na zahanati ile ina jokofu moja la chanjo. Chanjo haitaki joto. Asubuhi na jioni mtu anasoma kipimajoto na kuandika daftarini. Mpira wa mlango wa jokofu ulipasuka, mlango ukawa haufungi sawasawa. Wifi yako aliandika daftarini, akapeleka barua kwa wakubwa. Akapeleka ya pili. Akapeleka ya tatu. Siku joto lilipopanda alizitenga chanjo zote, akakataa kumchoma mtoto hata mmoja, akawaambia akina mama warudi nyumbani. Kesho yake, saa nne asubuhi, akapewa barua ya kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Wakubwa walitaka mgongo wa kubebesha mzigo, na wake ndio uliokuwa karibu.

Mwandishi mmoja wa habari alikuwa pale zahanati siku hiyo. Aliandika vizuri, aya kumi na moja, kila kitu kimo: barua tatu, picha ya ukurasa wa daftari, chanjo zilizotengwa. Jina la wifi yako hakulitaja. Akatuma ofisini pamoja na kichwa: “Mkunga aliyeripoti jokofu bovu mara tatu asimamishwa kazi.”

Habari ikaangukia meza ya Redio. Alikuwa na dakika tisa. Alisoma aya nne, na jina la zahanati liko kwenye aya ya sita. Kichwa cha mwandishi alikipenda, akakiacha. Kikatakiwa cha pili cha kujaza nafasi. Akaandika: “Chanjo za watoto zaharibika, mkunga asimamishwa.” Aliniapia baadaye kwamba alikiona kimepooza, hakina ladha, hakiwezi kushinda. Akahamia habari ya mpira.

Kilishinda. Ilipokaribia saa saba mchana kile cha kwanza hakikuwapo tena duniani.

Mimi, kwa ugonjwa wangu wa zamani, nasoma kila anachotoa mwanao nikitafuta makosa ya herufi. Na kwa kuwa msahihishaji halipwi kwa kusoma nusu, nasoma mpaka nukta ya mwisho. Nilipofika aya ya sita nikasimama. Nikampigia.

“Redio, hicho kichwa cha chanjo ni cha nani?”

“Changu, mjomba. Kuna herufi imeruka?”

“Herufi zote zipo. Soma aya ya sita.”

Nikasikia kiti kikiburuzwa.

Alikwenda kwa Mzee wa Namba. Yule kijana alimuuliza swali moja tu: “Kuna neno la uongo hapo?” Akajibu hakuna. “Basi kiache, kinatembea chenyewe.” Na ni kweli, mdogo wangu. Nimekipima kile kichwa kama nilivyokuwa nikipima prufu. Chanjo ziliharibika. Zilikuwa za watoto. Mkunga alisimamishwa. Huwezi kupiga mstari mwekundu popote. Nilisahihisha magazeti miaka ishirini na sita, na ningekipitisha.

Ufunguo wa kubadilisha kichwa mwanao anao. Ni kubonyeza mara mbili. Aliketi mbele ya kile kitufe tangu saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja jioni, Mzee wa Namba alipotoka kwenda kwenye mkutano. Ndipo akabonyeza. Kufikia hapo akina mama walishamfuata wifi yako kwenye korido ya zahanati, akiwa amekaa kwenye benchi na mafunguo mapajani akisubiri wa kumsainia makabidhiano. Mmoja alimwambia, “Unatuulia watoto halafu unakaa hapa umekunja miguu?” Huyo mama watoto wake wote watatu walipokewa na mikono ya wifi yako.

Jioni Redio aliingia bila kuvua viatu. Wifi yako alikuwa ameinamia beseni, anafua sare.

“Anti, naapa sikujua ni wewe.”

Wifi yako akaendelea kusugua kola. Kisha akauliza, taratibu kabisa, “Na angekuwa mwingine?”

Redio ikazimika. Siku ya tatu alichukua begi lake akahamia kwa rafiki yake karibu na ofisi. Hakuna aliyemfukuza, dada. Hakuna pia aliyemzuia, na mimi nilikuwa mlangoni. Kama simu zako anazijibu kwa neno moja moja, sasa unajua.

Hasira yangu nyingine ni juu yangu mwenyewe. Nani alimkalisha mezani tangu darasa la pili na kalamu nyekundu? Ni mimi. Nilimfundisha kulikamata kosa lililoandikwa. Lililoachwa nje sikuwahi kumwonyesha, kwa sababu kiwandani kwetu halikuwa kazi yangu. Tulikuwa na msemo wa kujivunia: sisi ni wa herufi, maana ni ya waandishi wenyewe. Nimeukumbuka juzi nikaona haya.

Uchunguzi ulichukua wiki tano. Walisoma daftari, wakasoma barua zile tatu, wakamwona hana kosa. Tumeshukuru. Habari ya kusafishwa kwake ilitoka pia, aliiandikia vichwa mwanao mwenyewe, vyote viwili vizuri, na safari hii hakukuwa na cha kujaza nafasi. Haikutembea. Kwenye kile kioo cha ukutani haikuonekana hata kidogo. Watu hawana haja ya kujua kwamba hakuna kilichotokea.

Tangu hapo mwanao anasoma kila habari mpaka mwisho. Matokeo yake amekuwa mzito, anapitisha habari kumi tu kwa siku, na Mzee wa Namba amemhamishia kwenye utabiri wa nyota. Ndiyo, dada. Binti yetu, msomi wa watu, anakaa anawaambia wenye nyota ya Kaa kwamba wiki hii watapata mgeni.

Wifi yako amerudi kazini wiki mbili zilizopita. Siku ya kwanza, katika akina mama ishirini waliopangiwa kuja, walikuja sita tu. Hata fundi cherehani wa hapo chini amehamisha kadi ya mtoto wake kwenye zahanati ya mbali, na wakikutana ngazini anajifanya anatafuta sindano kwenye gauni. Mmoja wa wale sita alimkazia macho akamuuliza, “Wewe si ndiye yule wa chanjo?” Akamjibu, “Ndiye mimi. Mvue mtoto shati.”

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. La pili nimelichelewesha kwa sababu mkono ulikuwa mzito.

Wewe unaipenda kazi ya mwanao. Kila anachotoa unakituma kwenye kikundi cha ukoo, ili binamu na mashemeji waone mtoto aliyesomeshwa kwa mgongo wako. Sikulaumu kwa fahari hiyo. Lakini siku ile, saa saba na dakika nne kwa saa za huku, ulituma kichwa kile cha pili, na chini yake ukaweka mikono mitatu ya kupiga makofi na maneno “Hongera mwanangu, chapa kazi.” Wifi yako alikuwa bado kwenye lile benchi. Hakuwa amenipigia hata mimi. Alitaka kuniambia uso kwa uso. Simu ikatetemeka juu ya mafunguo. Kabla ya wale akina mama, kabla ya jirani yeyote, habari yake aliipata kutoka kwako, na ulikuwa unapiga makofi.

Najua hukuifungua. Naye anajua. Ndilo linalomuuma. Hajakusema vibaya hata siku moja. Ninapotaja jina lako ananyanyuka kwenda kuangalia jikoni.

Kwa hiyo usimpigie kwanza. Habari ile nimeichapisha yote kwa wino mweusi, kwa herufi kubwa, na nimeikunja ndani ya bahasha hii. Aya kumi na moja. Keti, vaa miwani, uisome mpaka nukta ya mwisho. Ya tisa ina mwandiko wake mwenyewe kutoka daftarini, utautambua. Ukishamaliza, mpigie. Usimwambie hukujua ni yeye. Hilo alishaambiwa.

Nisalimie shemeji, na mwambie ile kofia aliyonitumia inanitosha. Wabusu mapacha. Shangazi yetu mkubwa wa hapa anakuombea kila siku kwa majina yako yote mawili, na mjomba kiziwi anauliza utarudi lini, anajibiwa, anauliza tena. Mungu aunyooshe mgongo wako, akulinde na utelezi wa huko, akurudishe kwetu tukiwa bado tunaongea.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata leo,

Mzee wa Kalamu Nyekundu