Siku Mama Yako Alipowasalisha Kuku

Mpendwa Agripina,

Marahaba, mjukuu wangu. Shikamoo yako imefika salama hapa Bombambili. Babu yako anapukuchua mahindi huku anaimba, kwa hiyo jua ni mzima.

Unauliza umfundisheje mwanao Deo kusali, wakati hatulii hata kidogo. Ngoja nikuchekeshe.

Mama yako alipokuwa na umri wa Deo, nilimsalisha kila jioni kwa ukali, fimbo iko pembeni. Siku moja nikiwa jikoni, nikamsikia uani anawasalisha kuku: "Baba yetu uliye mbinguni, acha kujikuna, jina lako litukuzwe, nitakuchapa wewe, ufalme wako ufike." Macho ameyafumba kabisa. Alidhani yote ni sala!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaona aibu, maana ile sauti ilikuwa yangu.

Fimbo niliitia motoni, ikaivisha maharage. Jioni ile nilipofika "mbinguni", nikapapasa mkeka pembeni yangu nikamwambia, "Njoo mwanangu, kaa hapa," ndipo nikaendelea. Basi, na hilo nalo akalishika kama sehemu ya sala. Hajaliacha mpaka leo.

Krismasi mlipokuja, niliwatazama wewe na Deo. Ulipofika "mbinguni" ulipapasa mkeka pembeni yako. Wala hukujua kama umefanya hivyo. Deo akaja mbio, akakaa.

Aliinuka tena kabla ya amina, lakini alikuja.

Ni mimi bibi yako,
Kresensia