Chupa Mbili za Mama Koku

Neema mdogo wangu,

Kadi hii yenye picha ya ziwa nimeinunua Bukoba mjini, ila nakuandikia nikiwa Ijumbi, Muleba, mvua inapiga migomba. Unajua tulichofuata huku mimi na daktari wetu: kujaribu dawa ya ule ugonjwa wa misuli unaowapata watoto wachache mno, ndiyo maana tiba yake imechelewa kutafutwa. Mama Koku anao wawili wanaougua, Koku na mdogo wake. Kila mmoja tulimpa chupa yake. Zipo chupa zenye dawa, zipo zenye maji matamu tu ya kulinganishia, na hata sisi hatujui nani kapata ipi. Tulimweleza, akakubali.

Leo tumemkuta kazimimina zote mbili kwenye jagi moja, anawagawia sawa kwa sawa.

"Mbona umechanganya, mama?" daktari akauliza.

Akatuonyesha wanawe, wanakula ebitoke, zile ndizi za kupika, na maharage kwenye jani moja la mgomba. "Hapa kwangu hakuna anayekula mwenzake akitazama. Mmoja akianza kutembea, huyu mwingine nimwambie nini?"

Daktari akamweleza taratibu kwamba sasa itabidi watoto watolewe kwenye majaribio. Mama Koku akatusogezea jani letu la chakula. "Basi kuleni, chakula kinapoa."

Nilikula.

Wasalimie wote hapo Iringa, na ujifunike vizuri na hiyo baridi. Nakuwaza tangu mchana, Neema. Mama yetu naye angechanganya, na mimi ningemshikia jagi.

Dada yako,
Upendo